Njia ya Makopo

Chini, tarehe 2 Juni

Shemeji,

Leo serikali imenisimamia. Nimeingia ofisini kwao na fimbo yangu, na yule afisa, msomi mzima mwenye miwani, kuniona tu akainuka kitini kwa heshima. Akasema, "Mzee, tulikuwa tunakungojea wewe." Na gari lilinifuata mpaka mlangoni, jeupe, watoto wa mtaa wakalikimbiza.

Haya, usinikunjie uso. Gari lilikuwa la kugawa mitungi ya gesi, nikaomba lifti. Na yule binti aliinuka kwa sababu kiti chake kina mguu mbovu, hakikaliki bila kuinuka-inuka. Lakini chai nilipewa. Chai usiitilie shaka, ilikuwa na sukari ya kutosha.

Habari yenyewe ni hii. Halmashauri za miji yetu mitatu zimeamka na wazo la njia za miguu. Wanataka watu watembee, eti ni afya, kama vile sisi tulikuwa tunatembea kwa ugonjwa. Watapanda nguzo zenye mishale. Njia ya kwanza itafuata ufuko mpaka mji wa mnara. Ya pili itapita kando ya reli. Ya tatu itapanda kutoka huku Chini mpaka huko kwenu Juu, na hiyo walitaka kuipitisha barabara ya malori. Nikamwambia, binti, matembezi gani hayo ya kumeza vumbi? Njia ipo! Ndipo akachukua kalamu.

Nikamsimulia kama anavyosimuliwa mtu ambaye mama yake alikuwa hajazaliwa. Kwamba zamani filamu ilikuwa moja na sinema zilikuwa mbili. Sisi wa Chini tukianza alasiri, makopo ya mwanzo yakishatoka kwenye mashine mimi nayapakia kwenye mfuko wa turubai na kuondoka nayo, yanalia mgongoni kama harusi ya masufuria. Pale kwenye lile jiwe letu pana, Mezani, namkabidhi msichana aliyeshuka kutoka Juu, naye anapanda nayo mbio watu wake waanze. Mimi narudi kuchukua makopo ya mwisho, yeye anarudi kunipokea. Kila Jumamosi. Barabara haikuwepo.

Akauliza, "Mzee, na wewe umeitembea njia yote?"

Shemeji, ungejibu nini nawe chai iko mkononi? Nikasema yote, kuanzia maji ya chumvi mpaka mlango wa sinema ya Juu, macho nimefumba. Wewe unajua kwamba mguu wangu haujawahi kuvuka Meza. Nusu ya juu nimeitembea kwa masikio, kwa mdomo wako. Lakini nimeisikia mara nyingi hata nadhani ninalo vumbi lake kwenye viatu. Basi nikampa yote: lile Bega la kilima, machimbo ya mawe, tanuri la matofali, na ule mto wako wenye daraja la kamba uliokuwa ukikuchelewesha masika na kiangazi. Mto ulimpendeza sana. Ameuchora kwa kalamu ya buluu.

Wakija kwako, tuwe na ulimi mmoja.

Makopo


Juu, tarehe 9 Juni

Makopo,

Barua yako imeletwa na dereva wa gari la mikate, imejaa unga. Nimeikung'uta kabla ya kuisoma, na baada ya kuisoma nimeikung'uta tena, maana uongo nao una vumbi.

Nani alikupa nusu yangu? Miaka yote hii nimekuachia useme utakacho kuhusu kiwanda cha barafu na mashamba ya chumvi, na yale majibwa uliyokuwa ukiyapiga ngumi. Sijakuuliza jibwa hata moja. Sasa umekaa kwenye chai ya serikali unagawa machimbo yangu.

Hata hivyo sitagombana nawe, kwa sababu kuna jambo hulijui. Mwenye machimbo amezungusha seng'enge kuanzia Bega mpaka kwenye tanuri. Anasema ardhi ni yake yote na hakuna njia iliyowahi kupita pale. Malori yake yanataka nafasi ya kugeuzia. Mimi nilikuwa napanda kule asubuhi, kabla sijafungua cherehani, naangalia bahari kidogo, narudi. Sasa nafika kwenye waya nageuka kama mbuzi. Nimewaambia halmashauri ya huku, wakaniuliza karatasi ya njia iko wapi. Nikasema njia ina karatasi gani? Njia ina miguu.

Kwa hiyo karatasi ya binti yako huko Chini ndiyo iliyobaki. Ikikubalika, waya utaondoka. Ikikataliwa, ndiyo basi, njia imekufa na sisi tukiwa hai.

Ndiyo maana nakuomba: nenda umwambie afute mto. Umekauka. Mito hukauka, hata shuleni mlifundishwa, ila nadhani siku hiyo wewe hukwenda.

Tena usijisifu mbele za watu kwamba umepanda kwa miguu. Unakumbuka nilichokuahidi siku utakayopanda kweli. Bado sijakulipa kwa sababu bado hujapanda.

Shemeji yako, fundi


Chini, tarehe 14 Juni

Shemeji fundi, mkata vitambaa na maneno,

Mto sifuti.

Nikifuta mto leo, kesho binti atauliza, na hayo machimbo je? Na tanuri? Ukishachomoa uzi mmoja nguo nzima inafumuka, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo nilipovuta uzi wa suruali yangu ya harusi mbele ya wageni. Na kama umekauka, bonde lake si lipo? Mto hauondoki na kitanda chake kama mpangaji.

Halafu mimi ni shahidi wa mto. Siyo wa kuusikia, wa kuuona! Mara ngapi nimekaa pale Mezani, nimeshatua mzigo, nimefuta jasho, nimefika na kungoja, ndipo unatokea juu unateremka mbio, na pindo la gauni limelowa? "Samahani, mto umejaa." Kiangazi kikali, ardhi imepasuka, na pindo limelowa. Mto usiokuwepo haulowanishi gauni.

Nimekaa hapa kibarazani nawaza siku zile. Mimi nilikuwa tajiri wa mianzo, wewe tajiri wa miisho. Mimi ningeonaje mwisho na niko kwenye chumvi na makopo ya mwanzo? Nikirudi, watu wanatoka sinema wanafuta machozi, ukiwauliza wanalilia nini kila mmoja ana kilio chake. Kwa hiyo mwisho wangu ulikuwa wewe. Mimi nakupa mwanzo wa wiki hii, wewe unanilipa mwisho wa wiki iliyopita. Na ulikuwa na akili ya ajabu, maana mara nyingi ulikuwa ukicheka kabla sijafika kwenye kichekesho. Nikadhani, huyu msichana ana kichwa.

Ila filamu ya mwisho hukunilipa. Yule mwanamke mwenye sanduku, yuko stesheni, treni mbili zimesimama, moja ya kurudi kwa mama yake, moja ya kumfuata yule bwana, kipenga kinalia, anainua mguu, na kopo limekwisha. Wiki iliyofuata barabara ikafunguliwa, lori likaanza kupeleka filamu huko kwenu, na kazi yetu ikafa. Nimeuliza watu hapa. Kinyozi anasema alipanda ya kushoto, mkewe anasema ya kulia, wakanuniana wiki nzima. Nilipokuja kwenu kumposa mdogo wako nikakuuliza kwa kona ya mdomo, ukaniambia, "Umekuja kwa basi. Nitakuambia siku utakayopanda kwa miguu." Marehemu akawa ananicheka mpaka mwisho wake. "Mume wangu ana mke nyumbani na mwanamke mwingine stesheni, mguu juu."

Basi. Mto unabaki. Wewe ukiulizwa, useme upo.

Makopo


Halmashauri, Ofisi ya Njia za Miguu
Tarehe 25 Juni

Mzee wangu, shikamoo.

Naandika kwa masikitiko kidogo. Juzi nimeipita njia uliyonieleza, mimi na msimamizi wa machimbo. Nusu ya chini niliikuta kama ulivyosema: nyuma ya kiwanda cha barafu, juu ya matuta ya mashamba ya chumvi, chini ya daraja dogo la reli, mpaka kwenye jiwe. Hata ile ngazi ya mawe kwenye ukuta wa makaburi ipo. Nilifurahi sana.

Nusu ya juu nimeona Bega, machimbo na tanuri. Lakini mto haupo, Mzee. Bonde halipo, nguzo za daraja hazipo, hata mahali ambapo maji yangeweza kupita hapapo, maana ni mgongo wa kilima. Msimamizi alicheka mpaka akakaa chini.

Mwenye machimbo ameweka pingamizi. Anasema shahidi aliyeona mto usiokuwepo anaweza pia kuona njia isiyokuwepo, kwa hiyo ushahidi wote utupwe. Baraza la Juu litasikiliza shauri tarehe 12 Julai, saa nne asubuhi, katika ukumbi wao. Wakikubaliana naye, njia ya tatu itapitishwa barabarani, na sitakuwa na la kusema.

Mimi bado nakuamini, ila sijui nakuamini kuhusu nini. Naomba uje. Nitatuma gari, na safari hii litakuwa la ofisi kweli.

Afisa wa Njia za Miguu


Chini, tarehe 28 Juni

Shemeji,

Mto uko wapi?

Usiniandikie habari za ukame. Binti amepita kwa miguu yake, amekuta mgongo wa kilima. Maji gani yanayopita juu ya mgongo, yana ngazi?

Nimekula uongo wako miaka yote hii kama mkate, nikaugawa na wengine, na sasa mtu ananicheka mpaka anakaa chini. Mimi! Mimi ndiye huwa nawachekesha watu mpaka wanakaa chini.

Nijibu.

Makopo


Juu, tarehe 2 Julai

Makopo,

Mto ulikuwepo.

Zaidi ya hapo sina la kusema, nina sare za shule za kushona.

Usije tarehe 12. Goti lako nalijua, lilikusumbua hata kwenye mazishi ya mdogo wangu, ukasimama umeegemea ukuta ukijifanya unaangalia mbali. Mwandikie huyo binti kwamba umezeeka na kumbukumbu zimechanganyika. Watakusamehe, wazee husamehewa. Waya ubaki. Nimeshazoea kugeuka.

Kuliko wakucheke huko ukumbini, bora njia ife. Nimesema.

Shemeji


Chini, tarehe 10 Julai

Binti yangu Afisa,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu kalamu yangu ilikuwa inaona haya.

Andika hivi kwenye faili lako: mzee alipiga chuku. Mtu amekulia kwenye mashamba ya chumvi, unategemea asitie chumvi? Nusu ya chini naijua kwa nyayo. Nusu ya juu niliipokea Mezani, kwa mdomo, pamoja na miisho ya filamu. Aliyeniambia ni shemeji yangu, fundi cherehani wa huko Juu, ndiye alikuwa yule msichana. Mto ni wake na anasema ulikuwepo. Mimi simwiti mwongo. Yeye ndiye anayeniita hivyo mimi, tumeshagawana kazi.

Kwamba kumbukumbu zimechanganyika, sisemi. Hazijachanganyika hata kidogo. Pia ameniambia nisije. Kwa hiyo nakuja.

Gari usitume. Nitapanda kwa njia yenyewe. Mtu akisema njia haipo, jibu lake ni kutokea upande wa pili umesimama. Nitaondoka alfajiri, na saa nne utaniona mlangoni nina vumbi. Uniwekee kiti chenye miguu yote.

Makopo


Halmashauri, Ofisi ya Njia za Miguu
Tarehe 13 Julai

Mzee wangu,

Uko wapi? Namtuma dereva wa mikate na barua hii, na nimemwambia asirudi bila habari zako. Jana nilisimama mlangoni mpaka miguu ikauma. Kiti chako, mstari wa mbele, nilikiwekea karatasi ya SHAHIDI. Hakikukaliwa. Mwenyekiti akasema hawezi kumsubiri mtu wa hadithi, akaanza.

Nakueleza yote, kwa sababu ulistahili kuwepo.

Mwenye machimbo alisimama na ramani yangu, akaweka kidole kwenye mstari wa buluu, akasema taratibu, kama anayesoma maandiko: "Waheshimiwa, njia ya mwongo fupi." Watu wakacheka. Nilitaka ardhi inimeze.

Mama mmoja akainuka nyuma, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Hakuomba ruhusa. Akasema, "Hii si fupi. Nenda kaitembee."

Mwenyekiti akamuuliza yeye ni nani. Akasema, "Mimi ndiye mto."

Akaendelea: "Mto nilimwambia mimi, na yeye akaamini, kwa sababu ana mdomo mrefu lakini moyo wake ni wa mtoto. Nichekeni mimi, siyo yeye. Lakini nimetunga mto, sikutunga njia. Ningechelewaje mahali ambapo sipiti?"

Mwenyekiti: "Na kwa nini ulikuwa unachelewa, Mama?"

"Mwenyekiti, hilo haliko kwenye ajenda."

Hapo walicheka tena, Mzee, lakini kicheko kilikuwa kimehamia upande wetu. Mwenye machimbo akasema maneno matupu si ushahidi, iko wapi karatasi, yuko wapi mtu mwingine aliyeona? Mama akawageukia watu. Ukumbi ulikuwa umejaa, wengi ni wazee wenzake. Akasema, "Nyinyi. Jumamosi, taa zimewashwa katikati ya filamu, makopo ya mwisho hayajafika. Mlikuwa mnafanya nini?"

Mimi nimezaliwa sinema imeshakuwa ghala la saruji, sikuelewa. Kwanza nilisikia kiatu kimoja. Halafu kingine. Bibi mmoja mwenye mkongojo akagonga na mkongojo. Halafu ukumbi mzima, miguu chini, pamoja, taratibu kisha haraka, na wakaanza kuita: "Ma-ko-po! Ma-ko-po!" Vioo vya madirisha vikatetemeka. Karani aliokoa glasi ya maji. Na nilimwona kwa macho yangu mwenye machimbo, naye ni mtu mzima, uso ameukaza kabisa, lakini mguu wake wa kulia chini ya meza ulikuwa unacheza.

Mwenyekiti alimwona pia. Akamuuliza, "Na wewe, mzee mwenzangu, ulikuwa unadhani makopo yanakuja na nini, na barabara haikuwepo?" Mwenye machimbo akautazama mguu wake. Mwisho akasema, "Na mtu."

Pingamizi limeanguka. Waya utaondolewa mahali njia inapopita. Nguzo tatu zitapandwa: moja kwenu, moja kwao, moja pale kwenye jiwe, yenye mishale miwili. Baraza likauliza njia iitwe nani. Mama akataja jina moja tu, na likapita bila kupigiwa kura. Utaliona kwenye kichwa cha ramani nikikuletea. Mto nimeufuta.

Lakini niambie uko salama.

Afisa, na leo niruhusu nisaini: binti yako


Chini, tarehe 16 Julai

Shemeji,

Mpe pole dereva wa mikate, nimemkalisha mpaka nimalize kuandika, mikate yake inazeeka mlangoni. Binti nimeshamjibu. Mimi ni mzima, ila goti limevimba kama boga na halitaki kuongea na mimi.

Nimesoma barua yake mara nyingi hata herufi zimeanza kunisalimia. Na jina alilolificha, dereva wa mikate amelitaja: Njia ya Makopo! Kwenye ramani ya serikali, kwa herufi kubwa, na safari hii hakuna mtungi wa gesi. Sasa kichwa changu hakipiti mlangoni, mdogo wako angekuwepo angenipitisha kiubavu. Kinyozi nimemwambia aninyoe kwa heshima. Akasema heshima ina bei yake, nikamwambia basi ninyoe kawaida.

Lakini najivunia zaidi yule mama mwenye utepe. Mtu aliyeniambia bora njia ife kuliko nichekwe, halafu akaenda mwenyewe akasimama katikati ya kicheko na kukigeuza njia kama ng'ombe. Na mimi sikuwepo. Kama kawaida yangu, mwanzo nimeuona, mwisho nimeukosa. Acha nikueleze nilikuwa wapi.

Niliondoka alfajiri. Kiwanda cha barafu nilikipita vizuri, na majibwa hayakuwepo, wala hayajawahi kuwepo, alikuwepo mbwa mmoja kilema aliyekuwa akinipenda. Hilo nakupa bure. Kwenye chumvi nikatembea kwa tahadhari, kwenye reli nikapumzika, Mezani nikakaa. Meza ni ile ile. Na nilipoinuka, Shemeji, nilivuka. Nakuambia mguu wa kwanza nje ya Meza ulinishtua kama maji baridi. Mzee mzima, naingia kwenye nusu yako bila hodi.

Inapanda vibaya nusu yako! Hukuwahi kuniambia ni mwinuko hivyo. Ulitunga mto ukasahau kutaja kilima. Nimepanda kwa fimbo, kwa mikono, pengine kwa matusi. Jua limeshatoka kabisa nilipofika Begani, na hapo nikakuta seng'enge, ndefu huku na huku, na geti limefungwa kwa kufuli. Nimepiga kelele, wapi. Machimboni hakuna mtu, wote wameshuka ukumbini kumshangilia bosi wao. Saa nne ilinikuta pale, nimeshika waya kama nguo iliyoanikwa.

Basi nikatafuta pa kukaa. Na chini kidogo ya Bega, upande wa bahari, kuna mwamba umebonyea kama kiti, upepo haufiki, umelainika kwa kukaliwa. Nikakaa. Juu ya kichwa changu jiwe linatoa maji. Tone moja linakuja, linafikiri, linaanguka. Halafu, likishapata moyo, la pili. Limechimba kishimo cha ukubwa wa bakuli, kimejaa. Cha kutosha kulowesha pindo la gauni.

Shemeji, mto wako nimeuona. Upo. Nitamwambia binti aurudishe kwenye ramani, hata kwa nukta.

Halafu nikainua macho. Kutoka pale mashamba yote ya chumvi yako wazi kama kitambaa juu ya meza yako ya kukatia. Alikuwepo mtu mmoja anapita kwenye matuta, mbali, na mzigo. Nilimwona anasimama, anajikuna, anaendelea. Kuna upepo wa kutoka chini unapanda na sauti. Nilimsikia anapiga mluzi.

Nikaelewa, taratibu, kama lile tone.

Mimi pale kwenye chumvi nilikuwa nafanya mazoezi. Nilikuwa nakuigizia filamu kabla hujafika, nisije nikakosea mbele yako. Naweka mfuko chini, nakuwa askari, nakuwa mwizi, nakuwa mama mkwe na sauti nyembamba. Wakati mwingine nakufa, nalala juu ya tuta, nainuka, nakufa vizuri zaidi. Nikiamini kwamba ninaonwa na chumvi peke yake. Na wewe umekaa kitini kwako, miguu kwenye mto wako, unaangalia sinema yangu kila Jumamosi bila tiketi. Kumbe ndiyo maana ulicheka kabla ya kichekesho.

Na hukushuka mpaka nitue mzigo, kwa sababu msichana wa watu hakutwi amekaa juu ya jiwe anamngoja mwanamume. Heri mto ujae.

Sikuulizi kitu. Haliko kwenye ajenda. Mdogo wako angelijua hili angetucheka wote wawili mpaka achukue kanga afute macho, na pengine alilijua. Nakuambia tu kwamba miaka yote nimedhani sijawahi kuigizia hadhira. Leo najua nilikuwa na mtazamaji mmoja aliyepanda kilima kuniona, na hakukosa hata Jumamosi moja. Hiyo imenivimbisha kuliko goti.

Dereva wa kwanza kurudi machimboni ndiye aliyenikuta. Akanipakia kwenye lori la mawe, mbele, akanishusha mpaka mlangoni kwangu. Alikuwa ananung'unika njia nzima kwamba wazee wamegonga miguu mpaka bosi kanywea. Lori la adui, Shemeji, na watoto wa mtaa wakalikimbiza kweli. Safari hii sitii chumvi.

Sasa tulipane. Uliahidi siku nitakayopanda nusu yako kwa miguu. Nimepanda. Utasema sikufika mpaka mlango wa sinema, najua ulimi wako. Nami nitasema waya ndio ulionizuia, na kutoka Bega mpaka kwenu ni tanuri na uwanja wa shule, hiyo si njia, ni ua wa watu. Usinipunje.

Goti likipoa, Jumamosi moja, alasiri, nitakuwa Mezani. Nitapita kwenye chumvi polepole, ukipenda uniangalie, lakini ukiniona nimekaa usijifiche, teremka. Ile nguzo yetu itakuwa imeshapandwa, utaegemea. Uje uniambie jambo moja tu, dogo, lililobaki: kipenga kimelia, mwanamke ameinua mguu, sanduku liko mkononi. Alipanda treni ipi?

Na ukichelewa, usiniambie mto.

Makopo